Maswali ya wasomaji: Dawa za kurudia hazijirudii zenyewe

Barua nyingi tulizopokea kutoka kwa wasomaji wanaoishi England zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: dawa za kila mwezi, zile ambazo kliniki ya GP (daktari wa familia) imeruhusu ziendelee bila mgonjwa kumwona daktari kila mara. Jina lenyewe, dawa za kurudia, linawapoteza wengi. Daktari ametoa ruhusa tu. Kuagiza ni kazi yako, na usipoagiza hakuna anayekukumbusha. Tumechagua barua zenye shida zinazowapata watu wengi. Bei na kanuni tunazozitaja ni za England. Wales walifuta malipo ya dawa mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini 2010 na Scotland 2011.

Natumia vidonge vya presha na vya kolesteroli. Kila mwezi vinaniishia kabla vipya havijafika. Mapokezi wananiambia saa 48, nami nasubiri hata wiki. Nakosea wapi? (Msomaji, Leicester)

Dada, ombi lako linapita mikono zaidi ya mmoja, nawe unahesabu mkono wa kwanza tu. Kliniki inapokea ombi, daktari au mfamasia wa kliniki analipitia na kutia saini, kisha cheti cha dawa kinatumwa kwa kompyuta hadi famasi uliyoichagua. Zile saa 48 ni siku 2 za kazi, na ni za kliniki peke yake. Famasi nayo inakipakua cheti, inaagiza dawa isiyokuwepo rafuni, inafunga na kukagua. Hapo ongeza siku 1 hadi 3. Ukiagiza Ijumaa jioni, hesabu ya kliniki inaanza Jumatatu, cheti kinatoka Jumanne jioni au Jumatano, na mfuko wako unaweza kuwa tayari Ijumaa inayofuata. Krismasi na Pasaka zinapoingia katikati, wiki moja haitoshi.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani upesi. Boksi la vidonge 28 ni la wiki 4, si la mwezi. Kwa mwaka unahitaji maboksi 13, si 12. Anayeagiza kila tarehe 1 anajikuta amepungukiwa na siku 2 au 3 karibu kila mwezi, na mapengo hayo yanajilimbikiza. Kwa hiyo acha kufuata kalenda, fuata vidonge. Boksi la 28 kwa kawaida lina kanda mbili za vidonge 14. Fungua ukanda wa pili, tumia vidonge 4, na siku hiyo hiyo agiza ukiwa umebakiwa na 10. Usiagize mapema mno, kwa sababu kliniki nyingi hukataa ombi la mtu ambaye kwa hesabu yao bado ana dawa za zaidi ya siku 7 au 10.

Njia ya kuaminika zaidi ni NHS App, programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Ingia sehemu ya dawa, chagua kuagiza, weka tiki kwenye dawa unazozihitaji tu, soma tena jina la famasi itakayotumiwa cheti, kisha thibitisha. Ukirudi baadaye utaona kama ombi limekubaliwa au limekataliwa. Asiye na simu ya namna hiyo atumie kipande cha kulia cha karatasi ya dawa, chenye orodha ya dawa zake: atie tiki na kukitumbukiza kwenye kisanduku cha kliniki. Usikitupe kipande hicho hata kama unatumia programu. Utaona chini kwa nini.

Kliniki nyingi zimeacha kupokea maombi kwa simu, na sababu yao ni ya msingi. Majina ya dawa yanafanana sikioni. Amlodipine ni ya presha. Amitriptyline ni ya maumivu ya neva na sonona. Kwenye simu yenye kelele mtu anaandikiwa ya pili badala ya ya kwanza. Vilevile katika maeneo mengi famasi haziruhusiwi tena kukuagizia, kwa kuwa zilikuwa zikiagiza orodha nzima kila mwezi na dawa zikirundikana kabatini.

Niliagiza dawa 5, famasi wakanipa 3. Famasi wanasema niulize kliniki, kliniki wanasema niulize famasi. (Msomaji, Coventry)

Kaka, kabla ya kwenda popote fungua programu au piga simu kliniki, uulize swali moja tu: “Je, dawa hizi mbili zimetiwa saini, na tarehe ngapi?” Kama zimetiwa saini, shida iko famasi: pengine hawana dawa, na wanapaswa kukupa karatasi ya deni uje kuimalizia. Kama hazikutiwa saini, kurudi famasi mara kumi hakutasaidia, maana hawawezi kutoa kisichokuwa kwenye cheti.

Sababu ya kliniki kuzuia dawa mara nyingi ni tarehe ya mapitio. Kila dawa ya kurudia ina tarehe ambayo ruhusa yake inakoma mpaka mgonjwa aangaliwe upya, na tarehe hiyo huwa imechapwa kwenye kile kipande cha kulia. Nyuma ya tarehe kuna kipimo. Anayetumia levothyroxine ya tezi ya shingo anapimwa damu angalau mara moja kwa mwaka akishatulia. Ramipril ya presha inadai kuangalia figo na potasiamu. Metformin ya kisukari inadai figo na kiwango cha sukari cha miezi michache iliyopita. Methotrexate, inayotumiwa kwa magonjwa kama baridi yabisi, ina ratiba kali zaidi, damu kila wiki 12 au chini ya hapo, na daktari anayekataa kuiandika bila majibu ya karibuni anakulinda: dawa hiyo inaweza kuangusha chembe za damu na kuumiza ini bila mgonjwa kuhisi lolote mwanzoni. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo husubiri presha ipimwe.

Sababu nyingine ni ndogo lakini zinasumbua. Dawa isiyoagizwa kwa muda mrefu huondolewa kwenye orodha. Hospitali ikibadilisha dozi, kliniki inaendelea na ya zamani hadi barua ifike na mtu aiingize. Usisubiri, peleka nakala yako ya barua hiyo. Na pampu ya pumu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, ikiagizwa kila mwezi inamshtua daktari, naye hufanya vema kushtuka: ni dalili kwamba pumu haijatulia na ile pampu ya kuzuia haifanyi kazi yake au haitumiki.

Ukikuta umekwama kwa sababu ya kipimo, usikubali jibu la “huwezi kupata” likaishia hapo. Omba dozi ya kuvukia, yaani dawa za siku 7, 14 au 28 tu, huku ukishika tarehe ya kutoa damu. Mfamasia wa kliniki ana uwezo wa kulishughulikia hilo, na mara nyingi anapatikana upesi kuliko daktari. Kwa dawa za kifafa, insulini, vidonge vya prednisolone vya muda mrefu na dawa za kuzuia damu kuganda, sema wazi kwamba zimebaki siku ngapi. Hizo hazikatizwi ghafla hata siku chache, na mtu wa mapokezi anapaswa kulifikisha neno hilo kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nimeenda harusini mji mwingine, nikasahau dawa nyumbani. Ni Jumamosi, kliniki imefungwa. Niende hospitali ya dharura? (Msomaji, Reading)

Hapana, dada, isipokuwa kama unaumwa. Tumia NHS 111, huduma ya ushauri wa afya ya NHS, kwa simu au kwenye tovuti, useme umeishiwa dawa ya kurudia. Watakuelekeza kwenye famasi iliyo karibu na hapo ulipo, na mfamasia atakuhoji. Sheria inamruhusu kukupa dawa bila cheti akiridhika kwamba unaihitaji sasa, kwamba uliwahi kuandikiwa, na kwamba dozi anaijua. Anaweza kutoa hadi za siku 30, ingawa wengi hutoa za siku chache tu. Pampu, krimu na insulini hutolewa kwa pakiti ndogo kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa mzunguko mmoja.

Ukipitia 111, malipo ni yale yale ya NHS, na mwenye msamaha hatozwi. Ukiingia famasi moja kwa moja bila 111, mfamasia anaweza kukusaidia kwa sheria hiyo hiyo lakini akakutoza bei yake binafsi. Ndiyo maana tunasisitiza kupiga kwanza.

Hapa ndipo kile kipande cha kulia kinapookoa. Kipige picha ukiwa na afya njema, uiweke simuni. Boksi tupu lenye lebo ya jina lako pia linatosha mara nyingi.

Mpaka upo kwenye dawa zenye udhibiti maalumu. Tramadol, pregabalin, gabapentin na morphine hazitolewi kwa njia hii. Diazepam ni siku 5 kwa juu kabisa. Phenobarbital inapata siku 5 kwa mgonjwa wa kifafa peke yake. Anayetumia dawa za kundi hilo azihesabu mara mbili kabla ya kufunga begi, na aelewe pia kwamba cheti chake kina uhai wa siku 28 tangu tarehe iliyoandikwa, wakati vyeti vya kawaida vinaishi miezi 6.

Kama unajua utakaa mbali wiki kadhaa, badilisha famasi kwenye programu kabla ya kuagiza. Ukibadilisha baada ya cheti kutoka, hakikufuati. Famasi ya zamani ikiwa imeshakipakua, ipigie simu ikirudishe kwenye mfumo wa kati wa NHS. Hapo famasi nyingine yoyote nchini England inaweza kukichukua. Watu wengi huambiwa cheti kimepotea, kumbe kimekaliwa na famasi ya kwanza.

Mume wangu ana presha na pumu, analipia dawa 3 kila mwezi. Jirani kaniambia wenye magonjwa ya kudumu hawalipi. Ni kweli? (Msomaji, London)

Jirani yako amesema nusu ya kweli, mama, na nusu hiyo imewaponza wengi. Orodha ya magonjwa yenye msamaha ni fupi na imefungwa. Imo kisukari kinachotibiwa kwa dawa (si kwa chakula peke yake), tezi ya shingo iliyolegea na inayohitaji homoni, kifafa kinachohitaji dawa mfululizo, saratani na matibabu ya madhara yake, na mengine machache. Presha haimo. Pumu haimo. Selimundu, inayogusa familia nyingi za wasomaji wetu, nayo haimo, na sisi tunaona hilo ni pengo la haki. Lakini kanuni ndiyo hiyo, na kutia saini kwamba una msamaha usiokuwa nao kunaleta faini ya hadi pauni 100 juu ya bei ya dawa.

Kwa mume wako dawa ni cheti cha kulipia kabla, PPC: unakilipia chenyewe, kisha hutozwi tena kwa kila dawa. Kila dawa inatozwa pauni 9.90, bei iliyoanza Mei 2024. PPC ya miezi 12 ni pauni 114.50, na inalipika kwa mafungu 10 kupitia benki. Ya miezi 3 ni pauni 32.05. Dawa 3 kwa mwezi ni pauni 356.40 kwa mwaka, hivyo anatupa pauni 241.90 bila sababu. Hesabu ya haraka kwa wengine: dawa 12 au zaidi kwa mwaka, chukua ya mwaka, dawa 4 au zaidi ndani ya miezi 3, chukua ya miezi 3. Inanunuliwa kwenye tovuti ya NHSBSA, idara ya NHS inayosimamia malipo ya dawa, au katika baadhi ya famasi. Wanawake wanaotumia homoni za ukomo wa hedhi wana PPC yao ya pauni 19.80 kwa mwaka, inayohusu dawa za orodha hiyo tu.

Kama umelipa leo na PPC hujainunua bado, omba risiti ya FP57 hapo hapo kwenye kaunta. Haitolewi siku nyingine. PPC inaweza kuanza hadi mwezi mmoja nyuma ya siku unayoiomba, na kwa risiti hiyo unarudishiwa pesa.

Wenye ugonjwa ulio kwenye orodha wajue kwamba msamaha hauji wenyewe. Omba fomu ya FP92A kliniki. Cheti chake kinadumu miaka 5, kisha kinakufa. Faini nyingi zinawakuta watu waaminifu ambao hawakuitazama tarehe hiyo. Waliofikisha miaka 60, watoto chini ya miaka 16, na wa 16 hadi 18 walio masomoni muda wote hawalipi. Mjamzito na aliyejifungua ndani ya miezi 12 hawalipi pia, ila wanahitaji cheti cha uzazi kutoka kwa mkunga au daktari. Wenye kipato kidogo wajaze fomu ya HC1.

Mama yangu mzazi ana miaka 71, hajui Kiingereza, na kliniki wanakataa kuzungumza nami kuhusu dawa zake. (Msomaji, Birmingham)

Hawakufanyii ubaya, kaka. Siri ya mgonjwa ni yake. Nenda naye kliniki, mjaze fomu ya kukuruhusu kutenda kwa niaba yake. Akisharidhia, wasifu wake unaunganishwa na NHS App yako na utaagiza dawa zake kutoka simu yako. Kwenye fomu kuna ngazi: kuagiza dawa tu, kushika miadi, au kusoma rekodi. Msikilize mama anataka ngazi ipi, wala usimchagulie. Siku ya mapitio ya dawa omba mkalimani wakati wa kushika miadi; halipiwi. Mwana kumtafsiria mzazi kunaficha mengi: mama hatasema mbele yako kwamba kidonge kinamletea shida ya mkojo, au kwamba ameacha kukinywa.

Kwa hali yake, kama dawa hazibadiliki, uliza pia kuhusu mpango ambao daktari anatia saini mara moja vyeti vya hadi miezi 12 na famasi inatoa kimoja kimoja kwa tarehe zake. Hapo huagizi tena kliniki. Unakwenda famasi, wanauliza kama ana nafuu, kama kuna dawa mpya, kama kuna asiyoihitaji mwezi huu, basi. Dawa za udhibiti mkali, kama tramadol, haziingii. Na akihamia kliniki nyingine vyeti vilivyobaki vinafutwa.

Nasafiri nyumbani Tanga miezi miwili na nusu. Nitapewa dawa zote? (Msomaji, Milton Keynes)

Kwa ugonjwa ulio nao tayari, kliniki inaweza kukupa za hadi miezi 3, lakini ni uamuzi wao, kwa hiyo andika ombi wiki 4 kabla, utaje tarehe za kwenda na kurudi. Dawa zenye udhibiti hazizidi siku 30 kwa kawaida, na nchi unayoingia inaweza kudai barua ya daktari. Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yao yenye lebo. Insulini kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda na ikiganda haifai tena. Vidonge vya kinga ya malaria kwa kawaida haviandikwi na NHS. Tenga pesa yake. Ukikaa nje zaidi ya miezi 3 unaweza kuondolewa kwenye orodha ya kliniki, na dawa za kurudia zinaondoka nayo.

Vidonge vyangu mara vyeupe, mara vya waridi. Ni dawa ile ile? (Msomaji, Slough)

Soma jina la kitaalamu na miligramu, si rangi. Vikilingana, ni dawa ile ile kutoka kiwanda kingine. Baadhi ya dawa za kifafa, zikiwamo phenytoin na carbamazepine, hazibadilishwi kiwanda ovyo. Ukiona boksi jipya, rudi kaunta kabla hujameza.

Nina mabaki ya dawa mfuko mzima. Naweza kuzirudisha zimsaidie mwingine? (Msomaji, Luton)

Zirudishe famasi, lakini zitateketezwa hata kama boksi halijafunguliwa, kwa kuwa hakuna anayejua zilihifadhiwa katika joto gani. Kwa hiyo fungua mfuko ungali kwenye kaunta. Usichokihitaji ukikikataa hapo, kabla hujatoka mlangoni, bado kinaweza kurudi rafuni.